Barua ya Watu Mia Mbili na Kumi na Tatu

Kwa miaka kumi na miwili Barua ya Ijumaa ilichelewa mara tatu tu, na mara zote tatu sababu ilikuwa msiba. Mara ya mwisho ilichelewa siku tisa. Mzee Evode alikuwa amefia hapa Gisenyi, Rwanda, na binti yake aliyeko Lyon alikuwa amehama nyumba na kubadilisha namba ya simu. Cansilde, mwandishi wa barua hiyo, alikataa kuituma mpaka mtu wa kwetu apande treni, amtafute yule binti, agonge mlango na kuketi naye. Siku ya tisa mtu huyo alipiga simu. "Nimemwambia," alisema. "Analia. Niko naye." Ndipo Cansilde alipobonyeza kitufe, na watu wa Kigali, Nairobi na Brussels wakasoma kwamba Mzee Evode hayupo tena.

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa mwenye msiba kwa karatasi, wala kwa simu. Mtu huenda. Hukaribishwa, hupewa kiti, huulizwa habari za njiani na kuzijibu, kisha husema. Barua nzima, pamoja na harusi zake na watoto wake wachanga, ilimngoja mtu wa mwisho aambiwe kwa mdomo.

Cansilde ana miaka sitini na miwili. Alizaliwa Masisi, Kongo, akaja Gisenyi na wazazi wake na dada yake Illuminée miaka thelathini iliyopita, wakati watu wetu wengi walipotoka huko kurudi Rwanda. Alikuwa katibu katika ofisi ya serikali mpaka alipostaafu. Hakuolewa. Aliishi na dada yake katika nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Mbugangari, nyuma ya duka la matairi, na pamoja walimlea Igor, mtoto pekee wa Illuminée, aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa. Igor alimwita mmoja mama na mwingine mama mudogo, lakini alipokuwa na njaa aliwaita wote wawili kwa sauti ileile.

Barua ilianza na anwani kumi na moja. Watu waliotawanyika walitaka kujua mambo madogo: nani ameposwa, nani amejifungua, mvua imevifanya nini viazi vya Nyundo, mpaka wa Goma unafungwa saa ngapi siku hizi. Cansilde aliandika jinsi watu wa hapa wanavyozungumza, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja. Kufikia mwaka jana anwani zilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Mimi ni jirani yake, na ninafundisha katika chuo kimoja cha hapa mjini. Macho yake yalipoanza kufunikwa na mtoto wa jicho, mimi ndiye niliyemwekea msaidizi wa akili bandia kwenye simu. Cansilde alisema habari zake, msaidizi akaziandika, akazipanga, akamsomea, kisha akazituma kwa orodha nzima kwa barua pepe. Wasomaji wakijibu, alimsomea majibu yao. Hakutuma lolote bila idhini yake.

Cansilde alimpa jina la Monsieur, yaani Bwana kwa Kifaransa.

"Monsieur anasema kichwa cha barua kiwe 'Habari tano ambazo hupaswi kuzikosa,'" aliniambia wiki ya kwanza. "Mi nimemuuliza, we unauza sabuni?"

Illuminée alikuwa kwenye mkeka akichambua maharage. "Mwache," alisema. "Iko kijana. Atajifunza."

"Kijana gani? Halali, hakuli, haombi nauli."

"Donc, basi, ni mume muzuri sana. Olewa naye, we umechagua tangu zamani."

Kila Ijumaa asubuhi Monsieur alisoma barua kwa sauti kabla haijaondoka, na Illuminée alisikiliza amefumba macho, kama mtu aliye kanisani. Ijumaa moja, baada ya kusomwa habari za jirani aliyefariki, alifumbua macho.

"Mi nikikufa, Igor asisome mu barua," alisema. "Wala asisikie kwa simu. Mutu aende, akae kwa kiti, amwambie akimwangalia."

"Acha maneno ya kufa, chakula kiko kwa moto."

"Kitangoja. Niahidi."

Cansilde aliahidi. Kisha alikwenda kukoroga chungu, na wali ulikuwa umekwisha kushika chini.

Illuminée alifariki Jumanne moja ya Februari, asubuhi, akifunga kamba za viatu ili aende zahanati kuchukua dawa zake za presha. Aliinama na hakuinuka.

Wakati huo Igor alikuwa na miaka ishirini na tisa, yuko Thunder Bay, mji wa baridi huko Kanada, akifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Hati zake zilikuwa hazijakamilika. Akitoka nchini humo asingeweza kurudi. Kila mmoja wetu alijua hawezi kuja kuzika. Alikuwa pia amejitoa katika makundi yote ya simu, kwa sababu picha za harusi asizoweza kuhudhuria zilikuwa zikimwumiza. Alichobaki nacho ni Barua ya Ijumaa, na kila Ijumaa aliijibu kwa mistari miwili mitatu. Mtu wetu aliyekuwa karibu naye alikuwa Shyaka, mtoto wa binamu, aliyekaa Winnipeg, safari ya saa nane kwa gari. Shyaka alisema atakwenda Jumamosi.

Tulizika Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimekaa na Cansilde chumbani mwake. Alikuwa hajalala tangu Jumanne. Aliinua simu akasema, "Monsieur, barua itangoja."

Nami nikamwita yaya, kama tumwitavyo dada mkubwa, nikasema neno ambalo sijaacha kulifikiria hadi leo. "Yaya, si lazima ingoje. Watu wanauliza kila dakika. Anaweza kuituma kwa wote, akamzuia Igor peke yake."

Aligeuza uso kunitazama, ingawa nadhani alikuwa haoni zaidi ya umbo langu. "Mutu mumoja anaweza kutolewa?"

"Anaweza."

Na ilikuwa kweli, na ilikuwa rahisi. Zamani, orodha ilipokuwa moja na barua moja, kumficha mtu mmoja kulimaanisha kuwanyima wote. Hilo lilitulazimisha sote kumkimbilia yule mmoja. Mimi nilimwondolea Cansilde shida hiyo kwa maneno machache, na wakati ule niliona ninamsaidia.

Monsieur aliuliza: "Igor hujibu kila Ijumaa. Asipopata barua huenda akashangaa. Ungependa nimtumie nini?"

"Umutumie ile ile," Cansilde alisema. "Utoe mama yake tu."

Katika barua ya wengine aliongeza mstari wa mwisho: *Igor bado hajaambiwa. Shyaka atafika kwake kesho. Tunawaomba mufunge midomo.*

Watu mia mbili na kumi na tatu walifunga midomo. Hakuna aliyeteleza hata kwa bahati mbaya. Hiyo ni kazi tunayoijua.

Jumamosi theluji ilifunga barabara. Shyaka alipiga simu kutoka kituo cha mafuta, saa tatu tu baada ya kuondoka, akasema polisi wamewarudisha madereva wote. Kazini alipata ruhusa mwisho wa wiki tu. "Mama Cansilde, nimwambie kwa simu?" aliuliza. Cansilde alijibu kwamba hapana, ameahidi, aende Jumamosi ijayo.

Jumapili saa tisa mchana simu ya Illuminée iliita. Igor alipiga saa hiyo kila Jumapili. Uani walikuwa wamekaa watu wa ikiriyo, wale wanaokuja kukaa na wafiwa, kama ishirini hivi. Cansilde aliichukua simu akaenda nayo nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, nami nilimfuata kwa sababu alikuwa anayumba.

"Mama iko wapi?" Igor aliuliza.

"Amelala, mwanangu."

"Saa hii?"

"Presha imemusumbua. Dawa inamulaza."

"Nasikia watu wengi."

"Watu wa kanisa. Wamekuja kutuona."

"Bon, sawa. Akiamuka mwambie nimepiga."

Alipokata simu, Cansilde aliniambia, "Ya watu wa kanisa haikuwa uongo." Nikajua kwamba anauhesabu uongo wake.

Igor alipiga tena Jumatatu, na Jumatano mara mbili. Simu ililia mfukoni mwa aproni yake huku akiwamiminia wageni chai. Jumatano jioni aliizima.

Ikafika Ijumaa ya pili. Wiki nzima kwetu ilikuwa Illuminée: mazishi, kwaya, padri aliyeshuka kutoka Nyundo, siku ya kumaliza ikiriyo, watu wa kushukuriwa. Cansilde alizungumza karibu saa nzima bila kupumzika. Nimezisoma barua zake zote, na sijui nyingine nzuri kama ile. Alieleza jinsi dada yake alivyovuka mpaka na cherehani kichwani, akakataa kuitua hata askari walipomwambia apumzike. Alieleza kwamba aliwapa kuku wake majina ya walimu waliomchapa shuleni, na siku ya kuchinja alilitaja jina kwanza. Alieleza asubuhi ya mwisho, hata rangi ya kamba za viatu. Alipomaliza alikunywa maji.

"Na ile ya Igor," alisema, "utoe mama yake."

Monsieur alisoma kilichobaki: *Mvua imeharibu barabara ya Nyamyumba. Niyigena amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Viazi vimeanza kuvunwa. Tunawatakia wiki njema.*

Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya upole: "Toleo la Igor limebaki na mistari minne. Kwa kawaida barua huwa kurasa mbili, kwa hiyo huenda akaona tofauti. Pia jana aliandika kuuliza kama mama yake amepata nafuu. Sijamjibu. Siwezi kumwandikia kwamba amepata nafuu, kwa sababu umeniambia amezikwa. Naona ni afadhali azungumze nawe kabla ya kupata barua hii. Ukitaka nisimtumie kabisa, sitatuma."

Cansilde aliishusha simu. Alinigeukia mimi. "Nani amemuuliza? Kitu hakina mama, kinanifundisha namna ya kuzika wangu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilitazama mkeka.

"Tuma," alisema.

Saa tisa alasiri simu yake mwenyewe iliita. Tulikuwa uani tunamenya njegere. Tangu macho yalipomharibikia aliongea kwa spika siku zote, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama mudogo."

"Igor. Umeamuka?"

"Niko mu bisi, naenda kazi. Barua imekuja."

"Imefika vizuri?"

"Iko fupi."

Cansilde alishika ganda la njegere bila kulifungua.

"Iko siku uliandika ukurasa muzima juu ya mbuzi aliyeingia ofisi ya sekta," Igor alisema. "Mbuzi. Ukaandika na alichokula. Leo mistari minne."

"Nilikuwa muchovu, mwanangu."

"Ukichoka unaandika vilevile. Barua ikichelewa, sisi wote huku tunajua iko msiba, kila mutu anangoja mulango wake ugongwe. Mi nimeshangoja hivyo mara mbili. Lakini fupi? Na presha ya mama haiko ndani. We unaandika presha ya majirani, hauandike ya dada yako?"

Kwenye simu ilisikika sauti ya mashine ikitaja jina la kituo.

"Walimuzika siku gani?" aliuliza.

Hakuuliza kama amekufa. Cansilde akasema, "Alhamisi."

"Jana?"

"Ya wiki ilipita."

"Bon," Igor alisema. "Ngoja nishuke."

Tulisikia mlango wa basi, halafu upepo. Tulingoja. Cansilde alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemkatalia mtoto kitu. Nilidhani nitasikia kilio, lakini Igor aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa kavu.

"Nitumie ile ingine. Ile mulitumia watu."

"Igor, kwanza nikueleze. Shyaka alikuwa aje, theluji..."

"Nitumie, mama mudogo. Zote mbili."

Alikata. Cansilde alimwambia Monsieur atume barua mbili za kweli. Monsieur aliuliza kama auache ule mstari wa mwisho wa barua ya kwanza, unaosema kwamba Igor bado hajaambiwa. Cansilde aliyatua maganda yaliyokuwa mikononi.

"Uache," alisema. "Nimekata ya kutosha."

Shyaka alifika Thunder Bay kesho yake. Barabara ilikuwa nyeupe lakini wazi. Ni yeye aliyetusimulia. Anasema Igor alifungua mlango akiwa amevaa vizuri, akamkaribisha, akamvutia kiti. Alichemsha chai. Aliuliza habari za njiani, na Shyaka akajibu: theluji, malori, saa nane. Aliuliza habari za watoto wa Shyaka. Kisha akavuta kiti cha pili akakaa mbele yake.

"Bon, sema."

"Igor, si unajua tayari."

"Najua. Ulitumwa kusema. Sema."

Shyaka alisema. Anasema yeye ndiye aliyelia, na Igor akamshika bega mpaka alipomaliza. Usiku Igor alimpa kitanda, yeye mwenyewe akalala sakafuni.

Jumapili hakupiga saa tisa. Cansilde alimpigia. Igor alipokea, akasalimia, akauliza kama kaburi limekwisha kujengewa. Cansilde alipoanza kuomba msamaha alimkatiza, bila ukali.

"Watu mia mbili na kumi na tatu," alisema. "Iko mutu wa Brussels, mi sijawahi kumuona kwa macho. Alijua mama yangu amekufa. Na alijua mi sijui. Mi nilikuwa napanga mikate, nacheka na watu wa kazi, na wote hao walikuwa wananitazama."

"Tulikuwa tunakuchunga, mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana sina hata mutu wa kukasirikia."

Ijumaa iliyofuata Cansilde alikuwa ameandaa habari chache: ubatizo mmoja, shule iliyopata paa jipya. Kabla hajasema tuma, Monsieur alimwarifu: "Igor amejiondoa kwenye orodha leo asubuhi. Barua itakwenda kwa watu mia mbili na kumi na tatu."

"Umurudishe."

"Mtu akijiondoa mwenyewe, simrudishi bila yeye kutaka. Lakini anwani yake unayo. Unaweza kumwandikia wewe, barua yake peke yake. Nitakusaidia kuiandika ukipenda."

Siku hiyo Cansilde hakunitania wala hakumtukana Monsieur. Alisema tu kwamba barua iende.

Sheria ya zamani imerudi. Mwezi wa sita barua ilingoja siku tano kwa sababu ya kijana mmoja wa Nairobi, na watu wakalalamika. Cansilde aliwajibu wote jibu moja, kwamba hawezi kutuma, mlango haujagongwa. Mimi nilimwomba msamaha kwa ushauri wangu. Alinitazama kwa macho yake yenye ukungu akasema, "We ulionyesha tu mulango. Mi ndiye nilipita." Sikupata nafuu kwa kusikia hivyo.

Kila Ijumaa, barua ikisha kuondoka, Cansilde humwambia Monsieur afungue ukurasa mtupu. Dirisha la chumba chake linatazamana na jiko langu, kwa hiyo mimi husikia hata nisipotaka. Huanza, "Igor, mwanangu." Halafu hunyamaza. Mwanamke huyu aliyeweza kuzungumza ukurasa mzima juu ya mbuzi hukaa pale, na Monsieur humngoja bila kumharakisha.

Ijumaa moja alikwenda mbele kidogo. Nilimsikia akisema, "Igor, mwanangu. Mama yako siku ile aliamuka mapema. Alisema viatu vinamubana." Akasimama. "Futa. Hiyo iko mu barua." Akaanza upya na cherehani, akafuta. Akaanza na kuku, akafuta.

Niliacha vyombo nikavuka uani, nikakaa naye kitandani. Simu ilikuwa mapajani mwake, ukurasa bado wazi.

"Nilimwambia kila mutu yote," alisema. "Nilimaliza. Hata rangi ya kamba za viatu niliwaambia watu wa Brussels." Alipapasa simu kwa kidole, akitafuta mahali pa kuizima. "Sasa yeye nimwambie kitu gani ambacho si cha watu?"

Nilifikiria, lakini mimi nilimjua Illuminée kama jirani tu.